“Shangazi, mke wangu anataka niuze besi yangu”

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamuziki wa dansi, mpiga gitaa la besi, nakaa Tanga. Nina miaka 49, mke na watoto watatu. Nakuandikia saa tisa usiku, nimetoka shoo, wenzangu wote nyumbani wamelala na gitaa liko kwenye begi lake pembeni ya kiti.

Gitaa lenyewe ni la kampuni ya Fender ya Marekani, aina ya Precision, la miaka ya sabini. Lilikuwa la mwalimu wangu, mzee aliyenifundisha tangu nikiwa kijana wa kubeba spika. Yeye alilinunua Mombasa mwaka 1981 kwa mwanamuziki wa hotelini aliyekuwa anarudi kwao. Mwaka 2003 vidole vilimkataa mzee kwa maradhi ya viungo. Akaniita kwake, akanikabidhi mbele ya mkewe na mwanawe mkubwa, akasema nilipige, nisije nikalitundika ukutani. Mwaka uliofuata akafariki.

Tangu hapo sijapiga besi nyingine zaidi ya siku mbili mfululizo. Pale juu ya pikapu, kile kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi, ninapoegemeza kidole gumba rangi imekwisha, mbao inaonekana. Nusu ya alama hiyo ni ya mzee, nusu ni yangu.

Sasa binti yangu mkubwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Ada na mahitaji ya kuanzia ni 1,800,000, na tulichonacho ni laki tano. Kuna kijana dalali wa vyombo anatoka Dar, amenifuata mara tatu, anatoa milioni mbili taslimu. Mara ya tatu alikuja nyumbani nikiwa mazoezini, akaongea na mke wangu.

Hapo ndipo uongo wangu ulipofichuka. Shangazi, miaka kumi na mbili iliyopita tulikwama kodi ya nyumba, mke wangu akaniuliza kwa nini tusiuze gitaa. Nikamwambia si langu, ni amana ya familia ya mzee. Akakubali, hata watoto akawakataza kuligusa. Dalali akamwambia mjini wote wanajua mzee alinipa. Mke wangu akampigia simu mjane wa mzee, akaambiwa ndiyo, alipewa moja kwa moja. Hakupiga kelele. Alisema tu, “Miaka yote hii nafuta vumbi kwenye lile begi kama mali ya marehemu.” Tangu siku hiyo hatuongei kingine ila ada.

Anasema magitaa yamejaa madukani, jipya la laki nne linapatikana, litatoa sauti ileile na watu wataendelea kucheza. Mimi kwenye bendi nalipwa 30,000 kwa shoo kwa kuwa naja na chombo changu. Wanaotumia vyombo vya tajiri wanapata 20,000. Shoo kwa mwezi huwa kumi hivi. Mchana napaka rangi majumba kazi ikitokea.

Nikikataa, nitaonekana nathamini ubao kuliko mwanangu. Nikiuza, sijui nitasimamaje jukwaani. Hata mkanda wa begi umekatika, na jana kwenye bodaboda nililipakata mapajani kama mtoto. Nisaidie.

Mpiga Besi, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilimkumbuka kaka yangu, Mungu amrehemu. Yeye alipiga besi miaka kumi na tisa katika bendi ya shirika moja la umma na hakuwahi kumiliki hata waya wa kuchomekea. Jumapili usiku gitaa linafungiwa stoo, Jumatano mazoezini analikuta. Alilijua gitaa lile kuliko alivyowajua majirani zake. Siku shirika lilipoamua bendi basi, stoo ikafungwa kufuli, na kaka yangu akarudi nyumbani na mikono yake tu. Alikuwa na miaka 44. Kila aliyemwendea kuomba kazi alimuuliza swali moja, una chombo?

Wewe unaujua muziki wa dansi kuliko mimi, na unajua ndivyo ulivyojengwa. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 mikononi mwa kampuni ya teksi na usafiri, ikahamia DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, mwaka 1983. Bendi ya Remmy Ongala, Super Matimila, ilibeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Jina la bendi nzima, Mpiga Besi, lilikuwa la mtu mwenye magitaa na spika. Mwenye vyombo ndiye aliyeamua nani apige, wapi, kwa kiasi gani, na lini mambo yaishe.

Kwa hiyo nakujibu kabla ya yote: usimuuzie dalali huyu, na usiuze kwa ajili ya ada hii. Hiyo elfu kumi inayozidi kwenye bahasha yako ndiyo tofauti ya mtu mwenye chombo na mtu wa kuazimwa. Kaa na mkeo mpige hesabu kwenye daftari. Shoo kumi kwa elfu kumi ni laki moja kwa mwezi, ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka. Ukiuza kwa milioni mbili ukabaki kutumia gitaa la tajiri, ndani ya miezi ishirini fedha ile yote utakuwa umeirudisha kidogo kidogo bila kuiona ikiondoka. Na binti atakuwa bado yuko chuoni, anadai ada ya mwaka wa pili. Ukinunua hilo la laki nne utaiokoa elfu kumi yako, sikatai. Nitalirudia hilo gitaa la dukani baadaye kidogo, maana mkeo ana hoja pale.

Lakini mwanangu, hesabu hii ulipaswa kumwonyesha mkeo miaka kumi na mbili iliyopita. Badala yake ukamtaja marehemu.

Hapa sitakuonea huruma. Mkeo alikuuliza jambo la haki kabisa wakati mmekwama kodi. Ungeweza kumwambia, mke wangu, gitaa hili linatuletea kiasi hiki kwa mwezi, na mzee alinipa akaniambia nilipige, siwezi. Angeweza kununa wiki moja. Wewe ukaona njia fupi ni kumwambia ni amana, kwa sababu unajua mwanamke mwenye heshima hagusi amana ya watu. Ulitumia uaminifu wake kumnyamazisha. Ndiyo maana hakupiga kelele dalali alipoondoka. Anafuta vumbi begi lile miaka yote, anawafukuza watoto, kumbe analinda uongo wa mumewe. Leo ukimwambia gitaa hili ni kazi yetu, kwa nini aamini?

Basi kabla hujagusa habari ya ada, mwombe radhi. Usimwombe radhi huku unajieleza. Sema, nilikudanganya, nilikuwa na hofu utaniambia niuze, nimekosa. Kisha nyamaza umsikilize. Na mpelekee salamu mjane wa mzee pia, maana naye jina la nyumba yake ulilitumia bila kumwuliza.

Sasa turudi kwenye swali la mkeo, kwamba gitaa ni gitaa. Si swali la kijinga. Wapiga besi wakubwa kabisa duniani waling'ang'ania magitaa ambayo dukani yasingetazamwa mara mbili. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi yake ya kampuni ya Höfner yenye umbo la fidla mjini Hamburg mwaka 1961 kwa pauni kama 30. Fender ilikuwa ghali kwake, na yeye anapiga kwa mkono wa kushoto, hivyo akapenda umbo lililolingana pande zote mbili, kwani hata likigeuzwa halionekani limepinduliwa. Geddy Lee wa bendi ya Rush alikuta besi yake ya Fender, aina ya Jazz, ya mwaka 1972 kwenye duka la rehani huko Kalamazoo, Michigan, akalipa kama dola 200, na ndiyo besi aliyoitegemea kwa miaka mingi studio na jukwaani. Hilo la duka la rehani nalifikiria sana. Yupo mtu aliyeliacha pale kwa sababu alihitaji fedha.

Kinachotokea ni kwamba mkono na chombo vinazoeana hadi huwezi kuvitenganisha kwa bei. Unalijua hilo kwa vidole, lakini mweleze mkeo kwa lugha ya fundi. Shingo ya Precision pale juu nyuzi zinapoanzia ina upana wa milimita 41 hadi 44, ya Jazz ni kama 38. Tofauti hiyo haifiki upana wa kidole, lakini mkono uliofundishwa kwa miaka ishirini unaihisi kila baa ya wimbo. Wimbo ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, huna nafasi ya kutafuta noti kwa macho, mkono unakwenda wenyewe. Mwambie ni kama cherehani yake au jiko lake, kama analo analolijua kwa tabia zake zote.

James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi sana za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit miaka ya sitini, alikuwa na Precision ya mwaka 1962. Alipiga kwa kidole kimoja, cha shahada, na nyuzi zake bapa alikuwa habadilishi mpaka ukatike mmoja. Nyuzi zilizochoka, zilizojaa jasho, na sauti ile nzito ikatoka humo humo. Ukimpa mtu mwingine gitaa lile asingetoa sauti ya Jamerson. Na nina hakika Jamerson kwenye gitaa jingine angebaki Jamerson kwa sehemu kubwa. Ndipo ninapokubaliana na mkeo: sauti nyingi iko kwenye vidole vyako wewe. Kwa hiyo nakuomba ufanye jaribio. Azima gitaa la kawaida, hilohilo la laki nne, liwekee nyuzi za aina unayotumia, lirekebishwe na fundi, nyuzi zikae juu ya shingo kwa kimo kama cha lako, upige nalo shoo nne mfululizo. Usiwaambie wenzako. Ukiona mpiga dramu anageuka kukutazama, umepata jibu. Ukiona hakuna aliyegundua na bega lako halijalalamika, hilo nalo ni jibu, na uwe muungwana ulikubali.

Kuhusu dalali. Mtu anayekuja mara tatu kutoka Dar mpaka Tanga, na mara ya tatu anachagua saa ambayo hupo, anajua thamani ya anachokifuata. Precision za miaka ya sabini zenye sehemu zake za asili huuzwa Marekani na Ulaya kwa maelfu ya dola. Milioni mbili yake haifiki dola elfu moja. Simwiti mwizi, biashara ni biashara, lakini asikufanye mjinga.

Jua kwanza ulichonacho. Tazama namba. Kuanzia mwaka 1976 Fender waliiandika kwenye kichwa cha gitaa, kabla ya hapo ilikuwa kwenye bamba la chuma nyuma, pale shingo inapofungwa kwa skrubu. Halafu mtafute fundi anayejua magitaa, si fundi redio yeyote, afungue bamba la mbele atazame vifundo vya sauti kwa ndani. Mara nyingi vina tarakimu. Zikianza na 137, hicho ni kiwanda cha CTS kilichowauzia Fender, mbili zinazofuata ni mwaka na mbili za mwisho ni wiki. Ukiona 1377432, kifundo hicho kilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 1974, na gitaa liliundwa baada ya hapo. Asichomoe wala kuchomelea kitu, na asikushawishi kubadilisha pikapu au kupaka rangi upya. Hiyo alama ya kidole gumba, yako na ya mzee, iacheni ilivyo.

Ukishaijua bei ya kweli, mwambie mkeo. Yote. Hata kama ni mara nne ya ile ya dalali, na hata kama unaogopa itamfanya azidi kukubana. Ukimficha hili, radhi uliyomwomba haina kazi. Mimi nitabaki na maoni yangu kwamba chombo kinachofanya kazi kila wiki hakiuzwi ili kulipa deni la msimu mmoja, lakini yeye ndiye uliyeishi naye kwenye kodi zile, ana haki ya kulijua jambo akiwa na taarifa zilezile ulizonazo.

Ada yenyewe inawezekana, nimeipiga. Mnapungukiwa 1,300,000. Uliza chuo kwa maandishi kama wanapokea kwa awamu. Vyuo vingi vinapokea, na ukiwa na laki tano mkononi una pa kuanzia. Kama mkeo yumo kwenye kikoba, mkopo wa kikoba unaweza kuziba pengo la muhula wa kwanza, ila dhamana iwe bahasha zako. Kila ukitoka shoo, zile elfu kumi za chombo zisikae mfukoni mwako mpaka asubuhi. Mpe usiku huohuo, hata ukimwamsha. Ni laki moja kila mwezi, itaonekana kwenye kitabu chake cha kikoba kwa mwandiko wake, na kwa mara ya kwanza ataliona gitaa linalipa. Ongeza na harusi. Bendi za harusi zinatafuta wapiga besi wenye chombo, na Tanga harusi hazikauki. Wale vijana wanaojifunza kanisani na mitaani, fundisha wawili watatu kwa malipo kama mzee alivyokufundisha wewe, ingawa najua yeye alikulipisha kwa kubeba spika.

Jambo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko dalali. Watu walioapa hawataachana na magitaa yao, wengi walitenganishwa nayo na wezi. Ya Jamerson iliibwa mwaka 1983, siku chache kabla hajafariki. Jaco Pastorius, aliyeng'oa freti, vile vyuma vya kwenye shingo, za Fender Jazz yake ya mwaka 1962 akaipaka gundi ngumu ya maboti, alipotelewa nayo New York mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ilikuja kuonekana baada ya miaka ishirini hivi, na Robert Trujillo, mpiga besi wa bendi ya Metallica, ndiye aliyesaidia kutoa fedha mpaka kesi ikaisha na familia mwaka 2010. Höfner ya McCartney iliibwa ndani ya gari Notting Hill, London, Oktoba 1972. Ilitangazwa kurudi Februari 2024, baada ya watu kuitafuta kwa bidii, nayo ilikuwa imekaa juu ya dari ya nyumba. Ilitambulika kwa sababu kulikuwa na picha na kumbukumbu zinazoonyesha kila alama yake.

Wewe una picha ngapi za gitaa lako? Mchana, kwenye mwanga, lipige picha mbele, nyuma, kichwa, namba, na ile alama ya gumba. Mwombe mjane wa mzee na mwanawe waandike karatasi ya ukurasa mmoja kwamba marehemu alikukabidhi mwaka 2003 mbele yao, waisaini. Karatasi hiyo ikae kwa mkeo. Hiyo ndiyo itakayomfanya dalali mwingine asiweze kuja kumwambia mkeo jambo la gitaa hili asilolijua.

Na unapokwenda kwenye shoo, bodaboda si pa kulipakatia gitaa la miaka karibu hamsini. Kishimo kimoja tu na shingo inapigwa kwenye lami. Lile begi lipeleke kwa fundi viatu kabla ya Ijumaa, ashone mkanda kwa uzi wa nailoni, mishono miwili.

Shangazi